Kadi kubwa kwenye desktopu ya kununua tayari: shajara ya mradi

Hali ya mashine kabla sijanunua kitu

Mashine ni desktopu ya kampuni kubwa, zile zinazokuja zimefungwa kila kitu kiwandani, unachomeka unawasha kazi inaanza. Ndani kuna Intel Core i7-10700 ya mwaka 2020, kori 8 na thredi 16, RAM gigabaiti 16 kwenye kijiti kimoja, SSD ya NVMe, na kadi ya grafiki ni GTX 1650 yenye memori ya gigabaiti 4. Kwa kuandika, kufungua matabu ya brauza na kuangalia video haijawahi kunisumbua hata siku moja, shida ni kwamba mimi natengeneza vitu vya 3D kwenye Blender na jioni tunacheza gemu na mdogo wangu, na hizo gigabaiti 4 ndo zimenibana kweli kweli. Ukiweka tekscha chache za 4K na nyasi kidogo tu Blender inakutolea ujumbe kwamba memori ya kadi imeisha, unarudi kurenda (yani kuikokotoa picha ya mwisho) kwa prosesa, mashine inanguruma usiku kucha na asubuhi unakuta fremu chache mno.

Ushauri unaopewa haraka ni uza hiyo ununue nyingine. Mimi sikubaliani nao. i7-10700 bado ni prosesa nzuri, SSD nzima, bodi nzima, kuitupa mashine yote kwa sababu ya sehemu moja naona ni kupoteza kitu kizima. Kwa hiyo mradi wenyewe ni huu, mashine ibaki ileile, keisi ileile, bodi ileile, ila ndani iingie kadi ya nguvu ya kweli na ifanye kazi kwa uhakika, sio ya kuwaka leo kesho inazima yenyewe katikati ya kurenda.

Sasa, mashine hizi za tayari zimeshonwa kwa vipimo kama suti ya fundi. Pale kiwandani walipiga hesabu ya kadi ndogo isiyozidi wati 75, wakaweka pawasaplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine) inayotosha hiyo, feni inayotosha hiyo na nafasi inayotosha hiyo, basi. Ukichomeka kadi inayokula mara tatu yake hesabu yote imevunjika, na ndo maana nimeamua kadi inunuliwe mwisho kabisa, kwanza umeme, kwanza nafasi, kwanza hewa.

Kufungua na kupima

Leo nimetoa ubavu wa keisi nikakaa na tochi na rula. Mdogo wangu kaja kuangalia, kaniuliza, "Kaka, si unachomeka tu? Mbona soketi ni ileile?" Nikamwambia soketi ni ileile dogo, umeme ndo sio uleule. Nikamwonyesha kadi ya zamani, haina hata waya mmoja wa umeme juu yake, manake yote inayokula inatoka kwenye soketi ya PCIe, ile ya kwenye bodi kadi inapochomekwa, na soketi hiyo mwisho wake ni wati 75. Kadi zinazotaka zaidi zinaongezewa kwa waya kutoka pawasaplai, ule wa pini 6 unaleta wati 75 nyingine, wa pini 8 unaleta 150, na huu mpya wa pini 16 unaweza kubeba mpaka 600. Pawasaplai yangu haina hata mmoja kati ya hizo. Imeandikwa wati 310 ubavuni na nyaya zake ni chache sana, mbili za kwenda kwenye bodi na habari imeishia hapo.

Hesabu ya umeme iko hivi. i7-10700 kwenye karatasi inaandikwa wati 65, lakini hiyo ni ya kazi ya muda mrefu, Intel wenyewe wanairuhusu ipande mpaka wati 224 kwa muda wa sekunde 28 hivi ikiwa bodi imeachia, ingawa bodi nyingi za mashine za tayari zinaibana chini ya hapo. Kadi ninayoitaka ni wati 220. Jumlisha bodi, RAM, SSD, feni, tayari umeshapita 310 kabla hujafika kwenye ile miruko ya ghafla, manake kadi za kisasa kwa muda mfupi sana zinaweza kuvuta zaidi ya wati zilizoandikwa, na pawasaplai dhaifu ikikutana na mruko wa namna hiyo inajizima. Mtu anaona mashine imezima ghafla analaumu kadi, kumbe kadi haina kosa.

Nafasi sasa. Kutoka kwenye mabati ya nyuma pale kadi inapofungwa skrubu mpaka kwenye fremu ya diski mbele ni milimita 262. Kutoka kwenye bodi pale kadi inaposimama mpaka kwenye ubavu wa keisi ni kama milimita 155. Hiki kipimo cha pili watu wengi wanakiruka na ni muhimu mno, sababu waya wa umeme unachomekwa juu ya kadi kwa upande wa ubavu, na ule wa pini 16 hautakiwi kukunjwa karibu na plagi, inatakiwa utoke umenyooka kama milimita 35 ndo uanze kupinda. Kwa hiyo hupimi kadi peke yake, unapima kadi na waya wake.

Kadi ipi

Nimezunguka sana kwenye hili. RTX 4060 ya NVIDIA ilikuwa inavutia, wati 115 tu, ila ina memori gigabaiti 8 na halafu inatumia njia 8 tu za data za PCIe. Kwenye bodi mpya hiyo sio tatizo, lakini bodi yangu ni PCIe 3.0, i7 za kizazi cha 10 hazina 4.0, kwa hiyo njia 8 zinakuwa nusu ya nusu, kama gigabaiti 8 kwa sekunde. Kadi yenye njia zote 16 kwenye 3.0 inapata karibu gigabaiti 16 kwa sekunde, na hapo hasara kwenye gemu nyingi ni ndogo sana. Kwa mtu mwenye mashine ya umri huu ningeshauri aangalie hilo kabla ya jina la kadi.

RX 7800 XT ya AMD ina gigabaiti 16, kadi nzuri kwelikweli, kwa gemu tupu ningeifikiria mara mbili. Ila ni wati 263, na kwenye Blender kurenda kwa Cycles (injini yake ya kurenda) kupitia OptiX, teknolojia ya NVIDIA ya kuharakisha kazi hiyo, bado kuna kasi zaidi, na mimi Blender ndo kazi yenyewe.

Nimeamua RTX 4070 Super, ile iliyotoka Januari 2024. Memori gigabaiti 12 za GDDR6X, kori 7168 za CUDA, njia 16, wati 220. Na sio yoyote, ni ile iliyotengenezwa na NVIDIA wenyewe, sababu ina urefu wa milimita 244, upana 112 na inachukua nafasi mbili tu za nyuma. Kadi hiyohiyo kutoka kwa watengenezaji wengine mara nyingi ina feni tatu na inapita milimita 300, ni nzuri kwa ubaridi ila kwangu haiingii mlangoni. Hesabu: 244 ndani ya 262 inakaa. 112 ukijumlisha 35 za waya ni 147, ndani ya 155 inakaa. Nimefurahi sana hapa kwa kweli.

Umeme, sehemu iliyokula muda kuliko zote

Ukizoea bodi za kawaida unategemea kuona ile soketi kubwa ya pini 24. Kwenye bodi yangu haipo. Kuna soketi ya pini 6 ya bodi na ya pini 4 ya prosesa, na zote zinapokea volti 12 tu. Volti 5 na 3.3 bodi inazitengeneza yenyewe kutoka kwenye hiyo 12, na hata umeme wa diski za SATA unatoka kwenye bodi kupitia plagi ndogo pembeni. Wazo lenyewe sio baya, Intel walitoa kiwango cha namna hiyo kinachoitwa ATX12VO kwa lengo la kupunguza upotevu wa umeme, tatizo ni pale kampuni inapotumia plagi ya kwake peke yake ambayo haifanani na ya mtu mwingine yeyote.

Ugumu hasa upo kwenye umeme wa kusubiri, yani ule mdogo unaokuwepo hata mashine ikiwa imezimwa ili kitufe cha kuwashia kifanye kazi. Pawasaplai ya kawaida inatoa volti 5 za kusubiri, bodi yangu inataka 12. Kwa hiyo adapta ya kutoka pini 24 kwenda pini 6 haiwezi kuwa nyaya tupu zilizounganishwa, lazima iwe na bodi ndogo ya saketi katikati ya kupandisha volti 5 kwenda 12. Ziko zinazouzwa zikiwa nyaya tupu, bodi kama yangu haiwezi kuwaka nazo. Ukiangalia adapta ukaona kifuko cha plastiki au mpira katikati ya nyaya, humo ndo ilimo hiyo bodi ndogo.

Pawasaplai niliyochukua ni ya wati 750, kiwango kipya cha pawasaplai kinachoitwa ATX 3.1, yenye urefu wa milimita 140 sababu ya 160 ingegonga fremu ya diski. NVIDIA kwa kadi hii wanashauri 650 na kuendelea. Nimetaka ATX 3 kwa sababu mbili. Ya kwanza, kiwango hicho kinaitaka pawasaplai ivumilie ile miruko ya ghafla mpaka mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100, kwa hiyo lile tatizo la kujizima linapungua sana. Ya pili, inakuja na waya wake wa pini 16 kutoka mwanzo mpaka mwisho, sihitaji ile adapta ya kuunganisha waya mbili za pini 8 ambayo inajaza keisi ndogo kama hii. Na niseme kitu kuhusu ile nembo ya 80 Plus, watu wanaisoma kama alama ya ubora wa jumla. Inakwambia tu ni umeme kiasi gani haupotei kuwa joto. Daraja lake la dhahabu (Gold) ni zuri, ila halikwambii kinga za ndani zikoje wala kapasita zake ni za aina gani.

Kabla ya kuigusisha na bodi nimeipima ikiwa juu ya meza. Plagi ya pini 24, unaunganisha pini ya 16 na ya 17 kwa kipande cha waya, hapo pawasaplai inadhani kitufe kimebonyezwa inawaka. Nimeweka multimita pini ya 10 na pini mojawapo ya waya mweusi, imesoma 12.1. Pini ya 9 ambayo ndo ya kusubiri, 5.0 na kidogo. Halafu nikaunganisha adapta nikapima upande wake wa pini 6, umeme wa kusubiri umetoka 12 safi. Hapo ndo nikawa na amani ya kuichomeka kwenye bodi.

Onyo moja la maana, nyaya za pawasaplai za kuchomoa na kuchomeka usichanganye za mtengenezaji mmoja na za mwingine hata kama plagi inaingia vizuri. Upande wa diski na kadi umefanana dunia nzima, upande wa pawasaplai kila mtu amepanga pini zake anavyojua. Ukichanganya unaweza kupeleka volti 12 pale panapotaka 5, na SSD ikiungua hairudi.

Mashine imewaka na kadi ya zamani. Nimeiacha hivyo kwa makusudi, pawasaplai mpya na kila kingine cha zamani, nikafanya kazi za kawaida wiki nzima. Kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja halafu mashine igome, hujui umshike nani.

RAM na BIOS

RAM haraka haraka: nimeongeza kijiti cha pili cha gigabaiti 16, kasi ileile ya 2933. Kijiti kimoja kinaipa prosesa njia moja ya memori, kama gigabaiti 23 kwa sekunde, viwili vinaipa njia mbili, karibu 47. Mashine nyingi za tayari zinauzwa na kijiti kimoja na hii ndo sehemu rahisi kuliko zote kurekebisha, gemu zinaacha kukatakata hata kabla ya kadi mpya.

BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiamsha mashine, nimeisasisha kutoka kwenye ukurasa wa msaada wa mtengenezaji wa mashine. Kabla ya kufanya hivyo angalia kama Windows imefunga diski kwa BitLocker, ikiwa imefunga isimamishe kwanza na uwe na ufunguo wa dharura mkononi, la sivyo mashine ikiamka inaweza kukuomba namba ndefu ambayo huijui iko wapi. Diski tayari ilikuwa GPT na mashine inawaka kwa UEFI, yani mpangilio wa kisasa wa diski na wa kuwasha, kwa hiyo hapo hapakuwa na kazi.

Nilichokuwa nakitafuta zaidi kwenye BIOS ni Resizable BAR, ile inayoiruhusu prosesa kuona memori yote ya kadi kwa mkupuo badala ya vipande vya megabaiti 256. Haipo. Hakuna hata chaguo la Above 4G Decoding ambalo hiyo inalihitaji, menyu za hizi mashine zimefungwa sana. Inaniuma kidogo, sababu vifaa vyenyewe vina uwezo, aliyeandika BIOS tu hakuweka mlango. Kwa kadi za Intel Arc ningesimamisha mradi hapohapo manake zinategemea sana hicho kitu, kwa NVIDIA faida yake inatofautiana gemu na gemu na naweza kuishi bila hiyo.

Kadi imeingia

Nimezima, nikachomoa waya wa ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwasha umeme uliobaki uishe, nikagusa bati la keisi. Kadi ya zamani imetoka kwa kulegeza ile kashikizo ya plastiki mwisho wa soketi. Mashine za tayari nyingi hazina skrubu za nyuma kama tulivyozoea, zina mlango wa bati unaofunguka wote kwa pamoja, na kadi ya nafasi mbili inataka utoe kibati cha pili cha jirani. Changu kilikuwa hakijakatwa kabisa kutoka kwenye keisi, kimeshikwa na vipande viwili vidogo vya chuma, nikakipindapinda kwa koleo taratibu mpaka kikaachia. Futa pale vizuri, unga wa chuma hautakiwi kubaki ndani hata chembe.

Kadi imeingia. Imebaki kama nafasi ya kidole mbele yake. Ila plagi ya pini 16 nimeitolea muda wake. Mwishoni mwa 2022 kulikuwa na kelele kubwa za plagi kuyeyuka kwenye RTX 4090, na moja ya sababu kubwa zilizoonekana ni plagi kutoingia mpaka mwisho, pini chache zinagusa vizuri na zinabeba mzigo wa zote zinapata moto. Toleo jipya la 12V-2x6 limefupisha zile pini nne ndogo za ishara, kwa hiyo plagi isipoingia vizuri kadi inakataa kufanya kazi. Kadi yangu inakula nusu ya ile 4090 lakini sikutaka uzembe. Nimesukuma kwa kidole gumba mpaka nikasikia kliki, nikaivuta kidogo kuona kama inatoka, haikutoka, kisha nikamulika tochi kwa ubavu kuangalia ule mstari kati ya plagi na soketi. Hamna uwazi, umekaa sawa kulia na kushoto. Waya nimeuacha utoke wima ndo ukakunja kwenda chini, na ubavu wa keisi umefunga bila kuusukuma. Zile milimita 8 za ziada nimeziona kwa macho.

Kebo ya monita iende kwenye kadi sio kwenye bodi. Na ukumbuke kadi hizi hazina DVI wala VGA, zina DisplayPort tatu na HDMI moja.

Imewaka, picha imekuja. Mdogo wangu kapiga kelele kuliko mimi. Draiva nimechagua zile za Studio sababu ya Blender, nikaweka kwa usakinishaji safi. Kisha nikafungua GPU-Z, programu ya kuonyesha taarifa za kadi: njia 16, sawa. Inaonyesha PCIe 1.1 ukiwa hufanyi kitu, usishtuke, kadi inajishusha kuokoa umeme, bonyeza kile kitufe cha kupima mzigo utaona imepanda kwenda 3.0.

Joto

Hapa ndo keisi imeanza kulalamika. Ubavu ukiwa wazi kadi ilikuwa kwenye nyuzi 66 kwa mzigo kamili. Nimefunga ubavu nikarudia kurenda kuleule, kadi imepanda mpaka 81, ambayo bado haijafika 90 waliyoweka NVIDIA kama mwisho, ila prosesa ilikuwa inagusa 97 na 98 huku ukomo wake ni 100. HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi, ilinionyesha kasi ya prosesa inaanza kushuka yenyewe.

Tofauti hiyo kati ya wazi na kufungwa inakwambia tatizo ni hewa ya kuingia, kadi yenyewe haina neno. Uso wa mbele ni plastiki karibu tupu na matundu machache pembeni, nyuma kuna feni moja ya milimita 92, basi. Na kadi hii ya NVIDIA feni yake moja inapitisha hewa ya moto moja kwa moja kutokea upande wa pili, hewa hiyo inapanda juu kwa nani? Kwa prosesa. Zamani wati 75, sasa 220 zinapuliziwa kwenye kipozeo kidogo cha alumini.

Nilichofanya ni kutoa fremu ya diski kubwa kabisa sababu situmii diski za kuzunguka, hapo njia ya hewa kutoka mbele ikafunguka yote. Nimefunga feni ya milimita 120 mbele ikivuta ndani. Bodi haina sehemu ya kuchomeka feni ya ziada, kwa hiyo nimetumia kigawanyio cha feni kinachochukua umeme wa SATA kutoka pawasaplai na kusoma ishara ya kasi kutoka kwenye feni ya prosesa, prosesa ikipata moto feni ya mbele nayo inakimbia. Kipozeo cha prosesa nimebadilisha kwenda cha mnara chenye feni ya 92, na pasta mpya. Kabla ya kununua pima urefu kutoka prosesa mpaka ubavu na uangalie kama bati la nyuma ya bodi linatoka, kwenye baadhi ya mashine za tayari skrubu zake zimeshikana na keisi yenyewe.

Baada ya hapo, ubavu umefungwa, kadi 71, prosesa 80 kwenda 83. Tofauti ni kubwa na kelele imepungua badala ya kuongezeka.

Kisha nimeishusha volti kadi kwa Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, unafungua ule mchoro wa volti na kasi kwa Ctrl na F, nimeiweka 2550 MHz kwenye volti 0.95 na kuilaza hapo. Inakula wati 170 hivi badala ya 215 na zaidi, joto limeshuka tena kuja 65, na muda wa kurenda umebadilika kwa sekunde chache tu. Kwa keisi ndogo naona hii ndo hatua yenye thamani kuliko feni yoyote na haigharimu kitu. Ila jaribu kwa muda mrefu, kadi inaweza kupita jaribio la dakika tano halafu ikaanguka ukiwa saa mbili ndani ya kurenda. Kila kadi ina kiwango chake, usinakili namba zangu kama zilivyo, anza juu ushuke taratibu.

Matokeo

Blender kwanza. Ile sini (mandhari ya 3D) ya nyumba na bustani iliyokuwa inakataliwa na gigabaiti 4, fremu moja kwa prosesa ilikuwa kama dakika 14. Kwa OptiX sasa haifiki sekunde 30, na memori inayotumika ni gigabaiti 7 na ushee kwa hiyo bado pana nafasi. Kitu kilichobadilika zaidi kwangu sio hata fremu ya mwisho, ni kwamba naweza kuzungusha kamera na kuona mwanga ukibadilika papo hapo kwenye dirisha la kazi. Nilikuwa nakisia mwanga, sasa nauona. Nimefanya marekebisho ya vivuli jioni moja ambayo nilikuwa nimeyakatia tamaa.

Gemu. Kwenye 1080p (idadi ya nukta za picha kwenye skrini) kadi ilikuwa inatumika asilimia 60 hadi 70 tu, prosesa ndo inashindwa kuilisha. Mdogo wangu alidhani kadi ina tatizo. Nikapandisha kwenda 1440p na ubora juu, kadi ikaenda 97 na fremu karibu zilezile, yani ule ubora wa picha tumeupata bure. Ukiwa na prosesa ya kizazi hiki na kadi ya kiwango hiki, monita ya 1440p ndo mahali pake, 1080p unaiacha kadi imekaa. Na ingia kwenye mipangilio ya skrini uweke 144 Hz kwa mkono, Windows ilikuwa imeiacha 60.

Kurekodi nako kumebadilika, kadi hii inaweza kuandika video kwa AV1, mfumo mpya wa kubana video, picha safi kuliko ule wa zamani wa H.264 kwa kiasi kilekile cha data.

Umeme kwenye mita ya ukutani, mashine nzima kwenye mzigo wa kadi na prosesa pamoja inazunguka kwenye 300. Pawasaplai ya 750 iko chini ya nusu, feni yake kwa kazi ndogo haizunguki kabisa.

Yaliyobaki

Chujio la vumbi la mbele, sababu sasa hewa inaingia kwa nguvu na tundu halina kitu, nimepima ni 120 ya sumaku. Kuifungua tena mwisho wa mwezi kumulika ile plagi ya pini 16 kama haijasogea au kubadilika rangi. Kujaribu kuibana prosesa isipande sana kwenye ile miruko ya mwanzo nione kama kurenda kwa prosesa na kadi pamoja kunaathirika. Na GTX 1650 inaenda kwenye mashine ya mdogo wangu, yake ni ile ndogo ya ofisi yenye pawasaplai ya wati 240 na haina waya wa kadi, ila nafasi yake ni nyembamba kwa hiyo kesho tunapima kwanza kama kadi ya kimo kamili inaingia.